Mama Harun Anataka Kufika Asubuhi

Kabla ya yote niseme jambo langu, maana najua hakuna mwingine atakayelisema. Katika ile filamu ya kuchinjana iliyopigwa Mau Narok kwa siku moja na kuonyeshwa Kaptembwo mbele ya watu waliojaa hadi madirishani, aliyekufa ni mimi peke yangu. Mimi ni Naftaly, fundi wa televisheni. Na komeo lililowaokoa wengine wote nililifunga mimi mwenyewe, kwa bisibisi yangu. Haya, nimeshasema. Sasa tumzungumzie Mama Harun, kwa sababu hadithi ni yake.

Mama Harun jina lake hasa ni Khadijo. Ni fundi cherehani hapa Bondeni, mjini Nakuru, na duka lake na langu baraza ni moja. Ana miaka hamsini na minane na anashona sare za shule. Babu yake aliletwa na jeshi la wakoloni, akakaa Gilgil, akaoa Gilgil, akazikwa Gilgil. Kwa hiyo mteja akiutazama mtandio wake na kumwuliza, "Nyinyi kwenu ni wapi hasa?" yeye hujibu "Gilgil" bila kuinua macho, na sketi ya mteja huyo huchelewa wiki mbili.

Mumewe ni Mzee Jalal, karani mstaafu wa reli. Kazi yake siku hizi ni kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya duka la mkewe na langu, na kupinga. Ukisema mvua inakuja, anapinga. Mvua ikija, anapinga kwamba hiyo si mvua, ni manyunyu.

Wanawake wa umri wa Mama Harun hutazama vipindi vya mapenzi vya nchi za mbali, watu wanalia kwenye ngazi za marumaru. Yeye anataka vijana sita, nyumba iliyo msituni, na mtu aliyevaa kinyago. Mimi ndiye niliyemtundikia televisheni ndogo juu ya cherehani. Huko juu mtu akikatwa kichwa, huku chini yeye anakata kitambaa, na mkono wala hautetemeki.

Nyuma ya mlango wa duka lake kuna ubao mweusi alioupiga mistari kwa chaki ya ushonaji. Kushoto ameandika "Walikufa", kulia "Walifika asubuhi". Pembeni ameorodhesha watu: weusi, Wahindi, wanene, wenye miwani. Kila filamu ikiisha anaweka alama. Miaka ya mwanzo upande wa kushoto wa weusi ulijaa hadi chaki ikakosa pa kukaa. Mtu mweusi alikuwa akiingia kwenye filamu, anafanya mzaha mmoja, anafungua friji, kwisha habari yake. "Hata soda hajamaliza," Mama Harun alikuwa akilalamika. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki anaandika yote: msichana mweusi amefika asubuhi, mwaka juzi wakafika wawili. Lakini mstari wa chini kabisa, aliouandika "Sisi", yaani wanawake wa mtandio waliopita miaka hamsini, ulikuwa mtupu kushoto na mtupu kulia.

"Fundi," aliniambia siku moja, "hata kufa hatujaalikwa."

Alilisema kwa mzaha, lakini nilimtazama usoni nikaona limemuuma.

Mzee Jalal alikuwa na maelezo yake, na alikuwa ameyarudia kwa miaka thelathini. "Hawakuweki kwa sababu utakufa wa kwanza. Na hilo buibui, utakimbilia wapi?"

"Nikimbie nini? Nani ameniambia nitoke nje?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa nadharia yake. Watu wa filamu wanakufa kwa kukosa malezi. Wanasikia kitu kinagonga gizani, wanachukua tochi yenye betri mbovu, wanakwenda kukitafuta. Mwanamke aliyelelewa vizuri anabaki ndani, anatia komeo, kisha anauliza mlangoni: nani, wa nani, umetoka wapi, umetumwa na nani? "Muuaji gani," alikuwa akisema, "anaweza kujibu maswali manne?"

Basi akaja Kiarie. Kiarie ni kijana wa Kaptembwo anayepiga video za harusi na za matanga, na mwaka huo alikuwa amepata bahati: shirika moja la sanaa lilikubali kumwazima kamera na taa apige filamu yake ya kwanza. Sharti lilikuwa moja tu. Filamu iwe na sura ya Kenya.

Ukitaka kujua maana ya sura ya Kenya, waite watu kumi wa Nakuru wafanye kamati. Kiarie alituita ukumbini Kaptembwo Jumapili moja akatusomea hadithi yake. Watu wamekusanyika kwenye nyumba ya shamba huko Mau Narok. Muuaji mwenye panga na kinyago anawamaliza mmoja mmoja. Msichana mmoja anafika asubuhi. Msichana huyo angekuwa Wangu, msusi, ambaye kwa bahati tu alikuwa mchumba wa Kiarie.

"Ngoja," akasema Chepngeno, mwalimu wa chekechea aliyepewa nafasi ya daktari. "Mbona anayebaki ni wa nyumbani kwa director?"

Hapo mkutano ukachukua saa tatu. Kila mtu alitaka jamii yake iwakilishwe, lakini hakuna aliyetaka jamii yake ife mapema, na hakuna kabisa aliyetaka jamii yake itoe muuaji. Hilo la mwisho silicheki. Nakuru hii tumewahi kuona mapanga ya kweli, na kila mmoja pale ukumbini alikuwa na sababu zake. Tukakubaliana muuaji asiwe na kabila: avae kinyago na koti refu, na ni marufuku kusema neno lolote, kwa sababu akifungua mdomo tu matamshi yatamfichua. Nafasi akapewa Ogola, mwendesha boda boda, kwa kuwa ni mrefu. Akajaribu kukimbia mle ukumbini. Chepngeno akainua mkono tena.

"Huyo anakimbia vizuri sana, kama wanariadha wetu. Watu watasema ni wa kwetu."

Basi muuaji akaamriwa atembee. Kwa hiyo ukiona kwenye filamu muuaji anatembea polepole na bado anawafikia wanaokimbia, ujue labda naye alipitishwa na kamati.

Mimi nilipewa kufa wa kwanza kwa sababu walipogawana vifo nilikuwa nimeenda msalani.

"Mathe, yako iko fiti kabisa," Kiarie alimwambia Mama Harun. "Wewe ndio mwenye nyumba. Page four unasikia hodi, unafungua mlango, unakufa."

"Kwa nini nifungue?"

"Ndio ufe."

"Na mtandio?"

"Mtandio unabaki, mathe. Ni wewe tu, vile uko."

Nilijua anawaza ule mstari wa chini kwenye ubao. Mzee Jalal, aliyekuja bila kualikwa, akainama sikioni mwake akamwambia kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Kubali. Kufa nako ni hatua."

Akakubali. Lakini tulipokuwa tunarudi Bondeni aliniambia waziwazi: "Fundi, mimi sitakufa kwenye filamu hiyo. Nimengoja miaka thelathini. Nataka nimwone mtu kama mimi akifungua mlango asubuhi akiwa mzima. Mara moja tu, nitatosheka." Kisha akaniuliza kama siku ya safari nitabeba bisibisi.

Tulienda Mau Narok kwa pikapu ya kubebea viazi, na mwenyewe aliitaka saa kumi na mbili jioni, basi filamu yote ilibidi ipigwe mchana. Usiku tuliutengeneza kwa magunia yaliyopigiliwa madirishani. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya enzi za masetla wa Kizungu, ina baraza la saruji lisilo na paa na ghala nyuma, na baridi ya huko haina adabu. Kabla kazi haijaanza Mama Harun akanionyesha komeo la mlango wa mbele. Lilikuwa linaning'inia, kama Kiarie alivyotaka, ili muuaji asukume aingie.

"Mlango wa mtu hauachwi hivi," akasema.

Nikalikaza kwa skrubu nne. Sikufikiri. Fundi akiona kitu kimelegea, mkono unajiendea wenyewe.

Kisha nikafa. Nilitokea barazani kutoka ghalani nikasema, "Kuna mtu?" Ogola akanipiga panga la mbao, nikaanguka barazani. Sekunde mbili. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno ya mwisho kwa wiki nzima, kuna sehemu nilikuwa nawaachia ujumbe vijana, lakini Kiarie akasema yatapunguzwa. Halafu akaniambia nisiondoke, kwa sababu maiti itaonekana kwenye picha zinazofuata. Nililala kwenye ile saruji hadi mbavu zikafa kweli.

Ikafika zamu ya Mama Harun. Wakafanya mazoezi kwanza. Ogola akasimama mbele yake, akainua panga, akabaki nalo juu. Akalishusha. Akainua tena. Akavua kinyago.

"Samahani, mathe. Director, hii siwezi."

"Ni mbao, Ogola!"

"Huyu ndiye alinishonea uniform ya class one. Kwetu huinui panga kwa mama wa umri wa mama yako, hata ya mbao, hata kwa mchezo. Inakurudia."

Kiarie akamgeukia Chepngeno, naye akasema hata kwao inarudi. Wangu akasema kwao inarudi mpaka kwa wajukuu. Mimi, kutoka pale nilipokuwa nimelala, nikasema kwetu inarudi na ulemavu juu yake. Tulikuwa tumebishana saa tatu Kaptembwo tusikubaliane hata juu ya chai, na sasa ikagundulika tulikuwa na mila moja nchi nzima.

Ndipo Mzee Jalal akainuka. Alikuwa amekuja, kwa maneno yake, kushuhudia.

"Nipe hilo koti," akasema.

Mama Harun akamtazama kwa hasira. "Wewe? Tukiwekwa kwenye filamu za watu, sisi ndio huwa wabaya. Leo mwanamume mmoja wa kwetu apate kazi, na iwe ya panga?"

"Mimi si jamii," akasema Mzee Jalal. "Mimi ni mume."

Wanawake wakatazamana.

"Hiyo haina shida," akasema Wangu.

"Hiyo hata kwetu iko," akasema Chepngeno.

Likapita bila kupingwa. Ogola alinung'unika kidogo, na mimi ningenung'unika, lakini nilikuwa maiti. Mzee Jalal akavua sweta apate kuenea kwenye koti, akavaa kinyago, akatoka nje. Akapita juu yangu akiwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu alipostaafu. Miaka thelathini ya ubishi ilikuwa inaisha siku hiyo, na panga lilikuwa mkononi mwake.

Kiarie akaingia ndani na kamera, akatoboa gunia la dirisha ili baraza nalo lionekane, akawaweka Wangu na Chepngeno kwenye kochi wangoje zamu zao za kufa. Akasema, anza. Mzee Jalal akagonga mlango.

Mimi nilikuwa nje, nimelala, kwa hiyo nilisikia komeo likiingia. Liliingia taratibu, sawasawa, kama kitu kilichofungwa na mtu anayeijua kazi yake.

"Nani?" akauliza Mama Harun.

Mzee Jalal akakumbuka sharti la kamati. Akanyamaza. Akagonga tena.

"Wa nani?"

Akagonga kwa mpini wa panga.

"Umetoka wapi? Umetumwa na nani?"

Mzee Jalal akasukuma mlango kwa bega. Skrubu zangu nne hazikutikisika. Akasukuma tena. Hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanza, maana Mau Narok mvua haikutumii salamu kwanza. Mimi nilifunika kichwa kwa mikono, na kwenye filamu unaona kabisa maiti ikijifunika. Mzee Jalal alijibanza ukutani na panga lake, koti likilowana, na akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kifuani ambacho Bondeni nzima tunakijua.

Ndani, wasichana waliinuka kutoka kwenye kochi. Kwenye skripti walitakiwa watoke wakaone kuna nini.

"Kaeni," akasema Mama Harun. "Hakuna mtu anatoka humu. Wewe Wangu, mimina chai. Chepngeno, wewe ni daktari, hebu sikiliza kikohozi hicho." Kisha akasogea mlangoni, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Jalal. Dawa ya presha umekunywa?"

Mvua ikapiga bati. Muuaji akalihamishia panga mkono wa pili. Nilimwona anapigana na nafsi yake.

"Bado," akasema.

Hilo ndilo neno pekee alilosema muuaji katika filamu yote.

"Weka panga chini."

Akaliweka. Dirisha dogo la pembeni likafunguka, gunia likasogezwa, ukatoka mkono wa Mama Harun na kidonge, kikombe cha chai, na sweta. Muuaji akainua kinyago hadi puani, akameza dawa, akanywa chai, akarudisha kikombe. "Sasa zunguka ghalani ukakae pakavu," akaambiwa, na dirisha likafungwa. Akazunguka. Mimi sikupewa chai.

Mvua ilipokatika saa ilikuwa imekwenda na mwenye pikapu anapiga simu. Kiarie akapiga picha moja ya mwisho: magunia yakaondolewa, mwanga ukaingia, Mama Harun akafungua mlango na ufagio mkononi, akaanza kufagia mawe ya mvua barazani. Akanifikia. "Fundi, inua mguu," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikauinua.

Njiani Kiarie alikuwa akizitazama tena picha kwenye kamera. Tulipofika mjini Mama Harun akamwuliza taratibu, "Sasa mimi nimekufa ama nimebaki?"

"Sijui, mathe. Nitaona kwa editing. Naweza kuweka scream, niweke damu kidogo, ukatike hapo kwa mlango."

Hapo ndipo tulipojua kwamba mtu anaweza kuuawa hata akiwa dukani kwake anashona, bila kuambiwa. Wiki tatu alishona vibaya. Alimweka mtoto wa watu mifuko miwili upande mmoja. Televisheni haikuwashwa. Mzee Jalal, ambaye ungedhani atafurahi, hakupinga kitu hata kimoja wiki hizo tatu. Nilimwambia makusudi kwamba Mombasa kuna baridi, akasema huenda.

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi alasiri ukumbini Kaptembwo. Nilikaa nyuma ya Mama Harun. Alikuwa amevaa mtandio mpya wa kijani, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa kiti kama anaogopa kitang'oka. Nilikufa. Watu wakacheka, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha kwenye skrini hodi ikapigwa, na komeo likaingia.

"Nani?" akauliza Mama Harun wa kwenye filamu.

Nyuma kabisa ya ukumbi mama mmoja akadakia, "Wa nani?" Wengine wakamfuata. Muuaji aliposukuma mlango mara ya pili, wanawake wote mle ndani, wa mtandio, wa kilemba, wa wigi, walikuwa wanamhoji kwa pamoja alikotoka na aliyemtuma. Lilipofika "Bado", ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanamume mmoja karibu nami akapapasa mfuko wa koti na kutoa vidonge vyake.

Mama Harun hakucheka. Alikuwa anangoja ile kelele, ile damu, pale mlangoni. Magunia yakatoka. Mwanga ukaingia. Mlango ukafunguka polepole, akatoka mwanamke wa miaka hamsini na minane, amejifunga mtandio wake vizuri, akaitazama anga ya Mau Narok, akaanza kufagia. Hakukuwa na kelele. Kiarie hakuwa amekata kitu. Nilipoinua mguu, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Mama Harun alilia. Alilia wazi, bila kujificha, na alipoulizwa na jirani yake analia nini akasema, "Nimefika."

Kuna waliolalamika, hiyo ndiyo Nakuru. Mzee mmoja kutoka kwetu alinijia nje akataka kujua kwa nini katika filamu yenye sura ya Kenya jamii moja tu ndiyo iliyokufa. Nikamwambia aulize kamati.

Jumatatu asubuhi nilichelewa kufungua duka. Mama Harun alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Mzee Jalal alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mgongo kwetu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki. Alipoondoka pale kurudi kwenye kiti chake nikaona: kwenye mstari wa chini kabisa, upande wa kulia, kulikuwa na alama moja. Akaketi, akafungua gazeti.

Mkewe alisimamisha cherehani, akaitazama alama ile kwa muda.

"Umeiweka kombo," akamwambia.

"Haijakaa kombo," akasema Mzee Jalal.

Ilikuwa imekaa kombo. Mama Harun hajaifuta hadi leo.